Jembe la Mjomba Yeremia

Tangu nirudi sijapumzika. Kila anayeingia mgahawani kwangu anaagiza chai, anakaa, halafu macho yake yanakwenda nyuma ya mlango, pale lilipoegemezwa lile jembe kuukuu. "Mama Hadija, ulikwenda Ukaguru kumwona mgonjwa, umerudi na jembe. Na kahawa uliyotuahidi iko wapi?" Nimemweleza huyu, nimemweleza yule, na kila mmoja ametoka hapo akaenda kusimulia ya kwake. Nimesikia hata kwamba nimeolewa mlimani. Basi nimeona niandike mara moja, anayejua kusoma asome, na wengine wasomewe na watu wa kisomo cha watu wazima, maana siku hizi wamejaa hapa Mikumi na wanatafuta cha kusoma.

Eleni mnamkumbuka baadhi yenu. Tulikua pamoja Kilosa, kwenye kambi za mkonge. Baba yangu alitoka Unyamwezini kuja kukata mkonge, baba yake alikuwa fundi seremala pale pale kambini. Mimi Mwislamu, yeye wa kanisani, lakini tulikula sahani moja mpaka tukaota matiti. Akaolewa na Amosi, mkulima wa kahawa, huko milimani juu ya Mamboya, na mimi nikaja huku barabarani kuwapikia madereva.

Mwishoni mwa kiangazi dereva mmoja wa lori akaniletea salamu zake. "Eleni anasema uje upesi. Ana shida ambayo wewe tu ndiye unayeweza kuiondoa. Anasema usitume mtu." Nikamuuliza anaumwa nini. Dereva akasema hakuambiwa, na sahani yake ya pili akaimaliza bila wasiwasi. Mimi usingizi ukaniruka. Mwanamke akimwita mwanamke mwenzake namna ile, nilijua mwenyewe nifikirie nini.

Mikumi mpaka Kilosa

Nilipanda garimoshi na kapu langu: sukari, chumvi, sabuni za mche, vitu ambavyo nyote mnajua nilivyovipata kwa kusukumana. Nikaongeza na mandazi ya njiani.

Hatukwenda mbali. Treni ilipunguza mwendo, ikalia, ikasimama. Tembo walikuwa wamesimama juu ya reli, mama na ndama na shangazi zao wote, wanachuma majani ya pembeni kama wako kwao, na kweli walikuwa kwao. Dereva akapiga honi. Tembo mmoja akageuza sikio tu. Abiria wakashuka kumpa dereva ushauri, kila mtu bingwa. Bwana mmoja wa kilimo, suti ya mikono mifupi imenyooshwa pasi vizuri, alichungulia dirishani akasema, "Hawa hawajahudhuria semina." Behewa zima likacheka. Mimi sikucheka. Nilikuwa nikiwaza Eleni kitandani.

Mandazi yangu yaliishia hapo. Mwanzo niligawa kwa hiari, baadaye nikaona yanagawika yenyewe. Mama mmoja aliyekuwa mbele yangu alinilipa kwa mihogo ya kuchemsha, mitamu, yenye chumvi kidogo, na akaniambia nisihangaike na mgonjwa ambaye sijamwona. Nikamjibu vibaya. Yeye akanimenyea muhogo mwingine. Watu wengine wana moyo mzuri mpaka wanakutia aibu. Tembo walipoondoka jua lilikuwa limekwisha kuinama, na Kilosa tulifika nimechoka kuliko kama ningetembea.

Kilosa mpaka Msowero

Kesho yake nilipata lori lililokuwa likipeleka magunia matupu kuchukua mahindi ya kijiji. Nilikaa juu ya magunia pamoja na wanawake waliokuwa wakirudi kwao. Vumbi la njia ile mnalijua, unashuka rangi moja na gari.

Karibu na Msowero rejeta ikaanza kufoka mvuke. Dereva akashuka, akafungua boneti, akatukana kwa adabu kwa sababu yetu wanawake. Maji hakuna. Kijito kilichokuwa pale, ambamo mimi utotoni nilioga, kilikuwa mchanga mtupu. Tukaona boma la wafugaji ng'ambo, dereva akachukua debe, nami nikamfuata maana nilichoka kukaa.

Mama wa pale alitupokea vizuri. Dereva akaomba maji. Yule mama akaingia ndani, akatoka na kibuyu, akanipa mimi kwanza. Yalikuwa maziwa, mazito, yana harufu ya moshi. Nikanywa. Dereva akasema, "Mama, ahsante sana, ila mimi naomba maji ya gari." Yule mama akamtazama, akamwonyesha ng'ombe waliokuwa kivulini, kisha akanyoosha mkono mbali kabisa, kule milimani.

"Maziwa yako hapa," alisema kwa Kiswahili chake cha taratibu. "Maji wamekwenda kuyatafuta tangu alfajiri. Hawajarudi."

Dereva alirudi garini akalitazama debe tupu, akanitazama mimi na kibuyu changu cha maziwa, na mimi nikamwambia asithubutu hata kufikiria. Tulikaa mpaka punda wa maji waliporudi. Wenye punda walitugawia maji yao waliyokuwa wameyatembelea tangu alfajiri. Yule mama alinifahamisha kwamba zamani kijito kile kilishuka mwaka mzima. Nikaitazama milima aliyonionyesha, ya buluu, na sikujua bado kwamba ndiko niendako kwa ajili ya jambo hilo hilo.

Berega

Lori lilinishusha Berega, na kwa kuwa akili yangu ilikuwa imekwisha kumlaza Eleni kitandani, nilikwenda moja kwa moja hospitali. Nikapita wodi ya akina mama, nikatazama kila uso. Wagonjwa waliniamkia na kuniitikia bila kujua ninamtafuta nani. Muuguzi mmoja akanishika mkono.

"Unamtafuta nani, mama?"

"Eleni wa Amosi, wa juu ya Mamboya. Nimeambiwa yuko hoi."

Alicheka mpaka akaegemea ukuta. "Eleni? Alikuja hapa juzi amembeba jirani yake mgongoni. Ni mzima kuliko mimi na wewe. Njoo uone alichotuachia."

Akanipeleka uani. Kando ya ukuta palikuwa na miche ya miti, imefungwa kila mmoja kwenye ganda la mgomba pamoja na udongo wake, imekaa kivulini. "Anasema tuipande juu ya kisima," alisema muuguzi. "Kila akija hapa analeta. Sisi tunapanda, maana ukikataa hakuachi."

Nilikaa chini pale pale. Nilifurahi, na wakati huo huo nilikasirika kuliko nilivyowahi kukasirika. Niliacha mgahawa na madereva wangu wakale kwa jirani, kumbe mtu mzima anazunguka na miche.

Kupanda mlima

Kutoka Mamboya ni miguu. Nilifuatana na wanawake waliokuwa wakitoka gulioni, wao wana mizigo kichwani na wanaimba nyimbo za kanisani, mimi nina kapu moja na natweta. Njia inapanda, inageuka, inapanda tena. Hewa ikaanza kuwa baridi. Bibi mmoja mwembamba aliyekuwa nyuma yangu akaniuliza mimi ni mwenyeji wa wapi. Nikamwambia nimezaliwa Kilosa, ila baba yangu Mnyamwezi.

Bibi akasimama. Akaninyang'anya kapu mkononi, akatoa mfuko wa chumvi, akauweka kichwani juu ya mzigo wake, akaendelea kutembea.

Nikapiga kelele. Nikasema huu ni wizi, nampeleka kwa balozi wa nyumba kumi. Wanawake wakakaa chini kwa kucheka. Bibi hakugeuka hata.

"Babu zenu walipita hapa na pembe za ndovu za watu mabegani," alisema, "wakanywa maji ya milima yetu kwenda na kurudi, na hawakusema ahsante. Chumvi hii haitoshi hata kwa kikombe kimoja."

Hapo ndipo akili ikanirudia. Utani. Nyinyi mnanijua, hapa Mikumi nawatania watu mpaka wanaacha chai yao, lakini kwa uchovu na hasira za njiani nilisahau kwamba Mkaguru kwangu ni mtani. Mtani akichukua amechukua, na ukinuna wewe ndiye mwenye makosa. Nikamwambia, "Chumvi nimekuachia makusudi, ikuhifadhi usioze kabla sijaja kukuzika." Akafurahi kweli. Akanishika mkono sehemu zote zenye mawe, na chumvi hakunirudishia.

Nyumbani kwa Eleni

Eleni alikuwa mlangoni, mzima, mweusi wa jua, mikono ina udongo. Nilimkumbatia halafu nikamgombeza. Amosi, mumewe, alinipa kiti, akasema shikamoo shemeji kwa sauti ndogo, akapotea kwenda kutafuta kuku.

Nikaomba kahawa. Njia nzima nilijipa moyo kwa kahawa. Wakanitazama wote. "Kahawa ni ya kuuza," alisema Eleni. "Tukiinywa sisi hatulali." Nikaletewa chai ya mchaichai. Nimekwenda mpaka penye mibuni yenyewe nikanywa majani, ndiyo maana na nyinyi mmekosa. Lakini ugali ulikuwa wa mahindi yao wenyewe, mweupe, si ule unga wa njano tuliokula hapa mwaka ule wa njaa, na mlenda wao na maharage sijapata kuonja mahali pengine. Nilikula mpaka Eleni akapata nafasi ya kusema.

"Nilikuita kwa sababu wewe ni Mnyamwezi," alisema.

Akanitoa nje kunionyesha. Mibuni yao imepandwa kwenye matuta ya mteremko, na mfereji wa maji unashuka kutoka chemchemi iliyo juu kabisa, karibu na kilele. Zamani kilele kilikuwa msitu wa ukungu. Watu wakakata nguzo, wakalima viazi, wakachoma, na kila mwaka maji ya mfereji yakawa yanaishia juu zaidi kuliko mwaka uliopita, mpaka mibuni ya chini ikawa inatoa maua halafu inayapukutisha. Wakati wa kuhamishiwa vijijini, watu wa kitongoji hiki waliachwa juu kwa sababu ya kahawa yao. Wakubwa walisema wazi: kahawa ikifa, nanyi mnashuka bondeni.

Ndipo wakaanza kuurudisha msitu kwa mikono yao. Siku za kazi za ujamaa, watu walikwenda nyuma ya mlima, kwenye kipande cha msitu kilichobaki, wakachimbua miche midogo ya miti ile ile, wakaifunga kwa maganda ya mgomba, wakaibeba juu. Hawakufyeka magugu. Waliipanda katikati ya magugu yale ili yaikinge jua. Wanawake wakabeba kwa matenga majani yaliyooza ya msitu wa zamani, wakayamwaga kwenye mashina, kwa sababu mche ulikataa udongo uliochomwa. Kesho yake Eleni alinipeleka nikaona. Miti imenipita kimo. Ukungu ulikuwa unaingia, unagusa matawi, na matone yanadondoka bila mvua, tap, tap, chini yote imelowa. Nilivua viatu. Chemchemi ilikuwa ya upana wa sinia yangu ya kukandia unga, na mfereji ulikuwa umerudi mpaka kwenye tuta la Amosi. Jamani, nimeona barabara ya lami ikijengwa, nimeona reli, lakini sijaona kazi ya watu iliyonishangaza kama ile. Nililia kidogo, na sioni haya kusema.

"Sasa tazama pale," alisema Eleni.

Katikati ya miti ile, juu tu ya chemchemi, palikuwa pamefyekwa upya. Vichaka vimekatwa, vimelundikwa, vimekauka, vinangoja moto.

Juu ya chemchemi

Shamba lile ni la Mjomba Yeremia, mjomba wake Amosi. Kule mtoto ni wa ukoo wa mama yake, na mjomba ndiye mwenye kauli. Akiamua posa, imeamuliwa. Na Yeremia si mjomba wa Amosi peke yake. Mwenyekiti wa kijiji ni mpwa wake, na nusu ya halmashauri ni wapwa zake, hakuna anayeweza kumwinulia uso. Alikuwa amesema upepo ukitulia atachoma, apande maharage. Moto ukiwashwa pale, miti yote ya juu inaondoka, na maji, na kahawa, na kitongoji kizima kinashuka. Kila mtu alilijua hilo, na kila mtu alisubiri mwingine amwambie.

"Watani wa ukoo wao ndio wangemwambia," alisema Eleni. "Walihamishiwa bondeni wote. Mkwe kama mimi nikifungua mdomo nimevunja nyumba yangu. Nimefikiri, nikakukumbuka wewe. Mchukulie kibiriti tu. Mtani akichukua hadaiwi."

Asubuhi iliyofuata upepo ulikuwa umetulia. Tulipofika juu, mzee alikuwa ameketi kwenye jiwe, kanzu ya kaki imefungwa kwa kamba, jembe miguuni, kibiriti mkononi. Eleni alipiga goti, akamwamkia, akarudi nyuma kama mkwe anavyotakiwa. Mimi sikuamkia.

"Wewe mzee," nilisema, "nimepanda mlima mzima kuja kuzika, nakuta maiti imekaa juu ya jiwe."

Alinitazama. "Nani huyu?"

"Mnyamwezi. Tulikunywa maji yenu, nimekuja na kiu nyingine."

Uso wake ukafunguka. Ilionekana siku nyingi hakuna mtu aliyemtukana. "Nyie hamjafa tu huko kwenye mkonge?" aliniuliza. Nikachukua kibiriti mkononi mwake, nikakitia kifuani. Nikachukua na jembe. Akacheka, akasema kibiriti kingine kiko nyumbani na majembe ya wapwa zake yamejaa.

Halafu akaacha kucheka, akasema maneno ambayo lazima niyaandike, maana hakuwa mtu mbaya. "Mtani, mwaka ule wa njaa nilizika wajukuu. Maharage watu wanakula. Miti hii nani anaila? Na maji ni ya Mungu, atayaleta akitaka."

Nilijua tu kwamba mtani akinyamaza ameshindwa. Basi nikafanya ninachofanya hapa kila siku na madereva: nikalilaza jembe chini, nikajilaza kando yake katikati ya lile shamba, mikono kifuani, kumpimia urefu wa kaburi. Nikainuka, nikachora mstari kichwani na mwingine miguuni.

"Hapa ndipo nitakapokuweka," nilisema. "Miguu inatazama chemchemi, usiniletee malalamiko ya kiu. Sasa choma, tukuzike kwenye majivu kama kiazi."

Nilingoja anitukane. Hakunitukana. Alishuka kwenye jiwe, akaja akasimama penye mstari, akatazama chemchemi kutoka pale. Nyuma yangu Eleni alikuwa ameziba mdomo kwa kitenge. Nilidhani nimemuua mzee wa watu kwa mshtuko.

"Hapa?" aliuliza.

"Hapa," nilisema, na sauti yangu ilikuwa imepungua.

Akakaa chini penye mstari. Ukungu ukaja ukatupitia. Mwishoni akasema, "Mahali pa kaburi hapalimwi," akaanza kuvuta matawi yaliyolundikwa, moja moja, akiyatandaza kwenye mashina ya miche iliyokuwa imebaki. Eleni akaja kumsaidia. Baadaye mwenyekiti na wapwa wengine, waliokuwa wamejificha chini ya matuta wakisikiliza, wakapanda nao, wakashika matawi. Mzee akawaambia wampe maharage kutoka shamba la ujamaa kila msimu, na wao wakaitikia wote kwa pamoja, haraka mno.

Nikamrudishia jembe. Akakataa.

"Huku kwetu," alisema, "mtani akipima, ndiye anayechimba. Ulikuwa hujui?"

Nilikuwa sijui. Kwetu tunapimana kila siku na hakuna anayechimba. Nikamgeukia Eleni, na Eleni akatazama pembeni. Alinituma nichukue kibiriti, mimi nikajitwika kaburi.

"Basi jembe ni lako," alisema Mjomba Yeremia. "Siku ukiitwa, njoo nalo. Usije na lingine."

Kurudi

Safari ya kurudi haikuwa na neno, isipokuwa kila kituo watu waliniuliza naenda kulima wapi. Yule bibi wa chumvi nilikutana naye njiani, habari ilikuwa imeshamfikia. Hakunitania. Alinipa ndizi mbivu, akanisindikiza mpaka Mamboya, na tulipoagana alilishika lile jembe mpini kama anavyoshikwa mtu mkono. Msowero kijito kilikuwa bado mchanga. Nilimwangalia yule mama wa boma kutoka juu ya lori, nikampungia, sijui kama aliniona.

Juzi yule dereva wa salamu alipita tena. Anasema mvua zimeanza, mfereji umefika tuta la mwisho, na Mjomba Yeremia anapanda kila asubuhi kukaa mahali pake. Anasema mzee ameagiza niambiwe kwamba kaburi nilimpimia fupi, kama kawaida ya Wanyamwezi, na kwamba yeye hana haraka. Nilifurahi hata nikampa dereva chapati ya bure.

Kwa hiyo msije kuliazima jembe lile, na msiliguse. Siku mtakayokuta mgahawa umefungwa na nyuma ya mlango pako wazi, mjue nimekwenda wapi, na mniombee njia. Kila Ijumaa nalifuta vumbi. Kulinoa, hapana, silinoi.